Samaki wa kwanza na wa mwisho kwenye ndoo

Trauti wadogo wanakaribia kuteremka baharini, na makosa ya utoaji damu ni yale yale ya msimu uliopita. Haya, wadogo zetu, tega sikio.

1. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, iwe ya lithiamu. Ya sodiamu inaongeza kitu kile kile mnachokuja kukipima, yaani sodiamu ya damu.

2. Zamu ya samaki. Hapa ndipo kazi ya miezi inapozama. Mtu anachota samaki ishirini kwa wavu mmoja, anawamwaga kwenye ndoo, anaanza na wale wenye mabaka, ambao bado ni wa mtoni, na wa rangi ya fedha, wanaojiandaa kwa bahari, wanangoja. Kotisoli, homoni ya msongo, huanza kupanda dakika chache tu baada ya wavu kuingia majini: samaki aliyetulia huwa chini ya nanogramu 10 kwa mililita, lakini aliyesongwa ndooni nusu saa anaweza kupita 100. Jioni grafu inatoka ya kupendeza, fedha juu, mabaka chini. Na kwa kuwa kotisoli kweli hupanda samaki anapojiandaa kwa maji chumvi, hakuna anayeshtuka. Kumbe imepimwa foleni! Takwimu haziokoi hapo, maana kundi na zamu vimefungamana. Chota wachache wachache, changanya makundi, andika dakika za kila samaki tangu wavu mpaka sindano.

3. MS-222, dawa ya kumlaza samaki, huchachusha maji, hasa yenye madini machache. Sawazisha kwa sodiamu bikaboneti kabla samaki hajaingia, si baada ya kumwona anarukaruka.

4. Damu iwekwe kwenye barafu na izungushwe mapema kwa mashine, chembe zijitenge na plazma, maji ya damu. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, na zinaendelea kutumia glukosi ndani ya kijichupa. Plazma ikiwa ya waridi, chembe zimepasuka. Potasiamu yake isahau. Mara nyingi ni pupa ya kuvuta sindano, au kuisukuma damu bila kung'oa ncha kwanza.

5. Utayari hauonekani kwenye sodiamu ya samaki aliye bado mtoni: mabaka au fedha, wote huzunguka milimoli 150 kwa lita. Mtie maji chumvi saa 24 ndipo umpime. Aliye tayari kwa kawaida hubaki chini ya 170. Asiye tayari hupita. Wa kulinganishia nao wachotwe, wahamishwe, ila warudi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa sababu wavu peke yake hubadilisha damu.