Vidole vinakaza alfajiri: maji ya moto yatumike vipi?

SWALI

Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 44, niko Ngamiani hapa Tanga, napika maandazi ya kuuza. Mwaka jana niliambiwa hospitali kwamba nina rumatoidi athraitisi, baada ya vidole na vifundo vya mikono yote miwili kuvimba kwa miezi. Natumia methotreksati mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi. Maumivu yamepungua, ila nikiamka saa kumi alfajiri kukanda unga vidole havikunji, na vinalegea kwenye saa moja na nusu. Shangazi yangu alinishauri niloweke mikono kwenye maji ya moto yenye chumvi na majani ya mwarobaini. Kuna siku yananisaidia sana, na kuna siku mkono unavimba kuliko ulivyokuwa. Yawe moto kiasi gani, dakika ngapi, saa ngapi? Chumvi ina kazi gani? Jirani ananiambia niende Amboni kwenye maji ya salfa nitapona kabisa. Na mama yangu mwenye kisukari, anayelalamika miguu, anaweza kuloweka kama mimi?

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hilo la siku kusaidia na siku kuvimbisha, kwa sababu ndilo linaloamua mengine.

Kiungo chako kina shida mbili ambazo kwa mgonjwa zinahisika kama moja. Ya kwanza ni kukakamaa: misuli na kano zimejikaza, majimaji yametuama ndani ya kiungo usiku kucha bila kusogezwa, na kila unapojaribu kukunja panavuta. Hapa maji ya uvuguvugu ni rafiki mkubwa. Joto linalegeza misuli, linazifanya kano zivutike kwa urahisi zaidi, na linapunguza ule ukali wa maumivu. Shida ya pili ni uvimbe wenyewe. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inaugeukia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani na kuushambulia, nao unavimba na kujaa damu. Siku utando huo umewaka, maji ya moto yanapanua mishipa na kuongeza damu pale ambapo tayari imezidi. Nadhani ndicho kinachokutokea siku zile mkono unapotoka kwenye beseni umejaa kuliko ulivyoingia.

Kwa hiyo kabla ya kuchemsha maji, pima viungo kwanza. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, usitegemee macho. Weka kifundo cha mkono na maungio ya vidole shavuni, kisha weka shavuni sehemu ya mkono iliyo karibu na kiwiko. Viungo vikiwa na joto sawa na hapo, au karibu sawa, loweka. Vikiwa na moto wa wazi, vimevimba na vinauma hata ukiwa umekaa tu, siku hiyo maji ya moto yaache. Chukua barafu, izungushie kitambaa, weka dakika 10 hadi 15 kisha toa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Sasa joto. Yanayofaa ni maji ya nyuzi 33 hadi 38 za sentigredi, na yasivuke 40. Watu wengi wanaokuja kwangu na mikono iliyobabuka waliamini kwamba maji yakiunguza ndiyo yanaingia kwenye mfupa. Hayaingii kwenye mfupa, yanaharibu ngozi tu. Kama huna kipimajoto, tumia hesabu ya jikoni: maji ya bomba hapa kwetu yana kama nyuzi 27, kwa hiyo lita moja iliyochemka ukiichanganya na lita sita za bomba unapata kama 37. Tangulia kumimina ya baridi, ndipo utie ya moto, ukoroge, kisha uingize kiwiko, maana kiganja chako kimezoea sufuria na mafuta na kitakudanganya. Ukipunguza ya bomba hadi lita nne tu, tayari umevuka 41.

Beseni hupoa haraka. Lifunike kwa khanga au taulo mikono ikiwa ndani, na weka pembeni chupa ya chai yenye maji ya moto ya kuongezea. Unapoongeza, toa mikono kwanza. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Na vua pete kabla ya kuanza, kwani kidole kikivimba na pete ndani utaishia kuikatisha.

Ila ukikaa hizo dakika umetulia tu huku mikono imeelea, umepata nusu ya faida. Joto linakufungulia mlango kwa muda mfupi, na usipopita utajifunga tena. Kwa hiyo ngoja dakika tano hivi, kisha anza kuchezesha mikono ndani ya maji: funga ngumi polepole hadi inapofika, si hadi inapolia, fungua vidole na uvitanue, gusisha ncha ya dole gumba na ncha ya kila kidole, kunja kifundo kwenda mbele na nyuma. Mara tano tano kwa kuanzia. Sifongo laini unaweza kuiminya kidogo. Mipira migumu ya kuminya wanayouza mitaani mimi siipendi kwa mgonjwa wa rumatoidi, inasukuma maungio yaliyokwisha kulegea. Ukiona maumivu yameongezeka na yamedumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, ulizidisha, kesho punguza.

Saa ngapi? Mara tu unapoamka, kabla ya kushika chochote. Usiku kemikali za mwili zinazochochea uvimbe hupanda na kufika juu kabisa karibu na alfajiri, wakati homoni ya asili inayozituliza bado iko chini. Wewe unaamka saa kumi, pale pabaya hasa. Ndiyo maana ningekushauri ubadilishe na kazi pia. Kanda unga jioni baada ya swala ya isha, mikono ikiwa imelegea, kwa hamira kidogo kuliko kawaida kwa sababu ya joto letu la usiku, ufunike. Alfajiri ubakiwe na kuloweka mikono, kusukuma, kukata na kukaanga. Na unapokanda, sukuma kwa kisigino cha kiganja na uzito wa mwili, si kwa ncha za vidole, kwani kusukuma kwa vidole siku nenda rudi kunavipeleka upande wa kidole cha mwisho. Sufuria ya mafuta ibebe mwingine.

Chumvi nayo haina kosa, ila sina sababu ya kukuambia inafanya kazi ambayo maji matupu hayafanyi. Hata ile chumvi ya magineziamu inayouzwa kwa bei kwenye maduka ya dawa, ushahidi kwamba inapenya ngozi kiasi cha kutibu kiungo ni dhaifu. Kinachokusaidia ni joto na kule kusogeza vidole. Mwarobaini vivyo hivyo. Ukipenda harufu yake tia, mradi mkono hauna mchubuko. Ukiwa na kidonda au mpasuko usiloweke hadi ufunge, kwa sababu methotreksati inapunguza kinga na kidonda kidogo kinaweza kukusumbua. Maji ya jana yamwage. Ukimaliza jifute, jipake mafuta ya nazi ngozi isikauke, uendelee na kazi.

Kuhusu Amboni. Zile chemchemi za salfa zina jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge huku kwetu, na sifa yake ya kutuliza viungo ni ya zamani. Sikukatazi kwenda. Maji ya joto ni maji ya joto, na ukijitosa mwili mzima unapata kitu ambacho beseni halikupi: maji yanaubeba mwili, na yakifika kiunoni magoti yanabeba kama nusu tu ya uzito wako. Lakini kupona kabisa, hapana. Salfa haimzuii adui aliye ndani ya utando. Gusa maji kwanza kabla ya kuingia, usikae zaidi ya dakika 20, uende na mtu, kwa kuwa ukitoka kwenye maji ya moto na kusimama ghafla unaweza kuona kizunguzungu. Vito vya fedha viache nyumbani, hiyo gesi yenye harufu ya yai bovu inavifanya vyeusi. Bahari ya Raskazone nayo inabeba mwili vizuri, na ni pazuri kwa kutembea ndani ya maji, ila hata miezi ya joto haifiki nyuzi 33, kwa hiyo usitarajie ilegeze vidole kama beseni.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo mimi nimelishika. Kutoka saa kumi hadi saa moja na nusu ni saa tatu na nusu za kukakamaa. Kwa mtu ambaye yuko kwenye dawa muda wote huo, hiyo ni dalili kwamba ugonjwa bado unaendelea chini kwa chini. Methotreksati inahitaji kama wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Wewe umeshapita hapo. Dozi inaweza kurekebishwa, au ikaongezwa dawa nyingine kama haidroksiklorokwini au salfasalazini, lakini hilo ni la daktari wako, si langu. Kwa wiki mbili andika kila siku saa uliyoamka na saa vidole vilipokunjika, umpelekee hiyo karatasi. Ataisoma pamoja na vipimo vya damu. Usiache dawa kwa sababu maji yamekupa nafuu, na isigeuzwe kuwa ya kila siku. Ni mara moja kwa wiki, kuizidisha ni hatari. Na ikitokea kiungo kimoja peke yake kikavimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu yake, usiloweke wala usisubiri kliniki. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.

Mama yako asiloweke miguu kwanza. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kuungua bila kujua hadi malengelenge yatokee. Mpeleke kliniki ya kisukari wampime hisia za miguu. Wakikuta ziko sawa, na hana kidonda, maji yake yawe ya vuguvugu tu, uyapime wewe kwa kiwiko chako, na akimaliza mkaushe hadi katikati ya vidole. Wakikuta zimepungua, basi miguu yake tutaitafutia njia nyingine. Nipe majibu yake tuanzie hapo.