Hadithi za vijana wa Kikristo: baba anaogopa nini?

Mleta mada, nimekuelewa. Hadithi unayoandika ina binti wa miaka 16, baba mzee wa kanisa, rafiki kipenzi kaacha kwenda ibadani, na baba anataka urafiki ufe. Kila unayempa asome anakuambia ni mahubiri. Mimi huandika hadithi za rika hilo na huwasomea vijana wa kanisani kwa sauti kabla sijaziachia, basi nakujibu kwa niliyoyaona kwao.

Kuweka aya za Biblia ndani ya hadithi si kosa. Kijana aliyekulia kanisani hashtuki mhusika akipiga magoti. Kinachomchosha ni mzazi anayefoka bila sababu. Siku moja nilikuwa nawasomea hadithi ya mwenzangu, baba anagomba kurasa nzima, binti mmoja akanikatiza: "Kwani huyu mzee anaogopa nini?" Wenzake wakacheka, lakini tangu hapo swali hilo naliandika juu ya karatasi kabla ya sura yoyote yenye mzazi.

Isome 1 Samueli 20 kwa jicho la mtunzi. Mfalme Sauli hamchukii Daudi, rafiki wa mwanawe Yonathani, hivi hivi tu. Anamwambia Yonathani kwamba maadamu mwana wa Yese, yaani Daudi, yu hai, ufalme wake Yonathani hautasimama. Yaani anapigania urithi wa mwanawe! Halafu mkuki anamrushia mwana huyo huyo. Yonathani anainuka mezani kwa hasira, hali chakula, na asubuhi anakwenda kondeni na kijana wa kuokota mishale, ambaye hajui kwamba mishale ile ni ujumbe kwa Daudi. Na pamoja na yote, Yonathani hamwachi baba yake. Wanakuja kufa kwenye vita moja, Gilboa. Shinikizo la familia ndilo hilo: mtu amebanwa katikati na pande zote mbili anazipenda.

Sasa baba wa hadithi yako. Barua ya 1 Timotheo 3 inataka kiongozi awe mtu anayeisimamia vema nyumba yake. Mzee wa kanisa anaijua sura hiyo, na waumini wanaomtazama wanaijua pia. Mwonyeshe anakaa kimya garini baada ya ibada kwa sababu mtu kamuuliza, "Binti yako siku hizi anatembea na nani?" Hapo hata akifoka tutamwelewa, na tutazidi kumhurumia binti.

Na lile jibu la Waefeso 6:4, "msiwachokoze watoto wenu", mwondolee binti mdomoni. Mtoto wa nyumba ile hathubutu kumjibu baba kwa aya mezani. Mpe mama, usiku, wakiwa wawili.

Rafiki naye asiwe mradi wa kuokolewa. Awe na kipaji, utani, na sababu yake ya kuacha ibada ambayo msomaji hawezi kuipuuza. Wasomaji wa rika hili wananusa haraka sana mhusika aliyewekwa pale ili atubu tu.

Umesema rafiki anatubu ukurasa wa mwisho. Ningeukata. Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 unaishia kaka mkubwa akiwa nje, baba anamsihi, na hatuambiwi kama aliingia. Ishie pale binti anapomwambia baba ukweli kuhusu alikokuwa, kabla baba hajafungua mdomo.