Waulize Wajuzi: Mtu amepotea, mtaa mzima umekuwa mpelelezi

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa tuna miezi tunabishana juu ya yule mtoto wa Kiingereza aliyepotelea Ureno, Madeleine McCann. Wengine wanasema wazazi wanajua, wengine wanasema aliibwa. Mimi mwenyewe silali bila kutafuta video mpya. Kwa nini kesi ya mbali hivi inatushika, na kwa nini haiishi?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Inakushika kwa sababu haina mwisho. Msiba una kaburi na una matanga. Yakianuliwa, watu hurudi makwao. Aliyepotea hana hata kimoja, na hadithi isiyofungwa inawasha, kwa hiyo kila mtu anaifunga kivyake.

Kutokuisha kwake kulianza usiku ule ule. Mtoto alitoweka tarehe 3 Mei 2007 kwenye nyumba ya wageni, Praia da Luz, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 4, wazazi wakila chakula cha jioni mgahawa wa jirani. Kabla chumba hakijazuiliwa, watu wengi waliingia kumtafuta. Nia yao ilikuwa njema, lakini baada ya hapo unywele ulioko sakafuni ni wa nani? Nyayo za mlangoni ni za nani? Mpelelezi hawezi tena kutenganisha, hata apewe miaka na fedha kiasi gani.

Kisha umma ukaanza kumwona kila mahali. Mwaka huo huo mtalii alipiga picha Morocco ya mwanamke aliyembeba mgongoni mtoto mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na picha ikazunguka dunia. Alikuwa mtoto wa wenyeji, yuko na watu wake. Ukitazama picha ya sura moja mara mia, jicho linaanza kuipachika kwa wapita njia. Na magazeti? Mwaka 2008 kampuni moja ya magazeti ya Uingereza ililazimika kuwaomba radhi wazazi ukurasa wa mbele na kulipa pauni 550,000 kwa kuandika kwamba walihusika na kifo cha mtoto wao.

Jambo moja tunakuomba ulipime. Gwen Ifill, mwanahabari wa Marekani, alisema mwaka 2004 kwamba vyombo vya habari vina ugonjwa wa kuwashughulikia wanawake weupe waliopotea na kuwasahau wengine. Hesabu matangazo ya waliopotea yaliyobandikwa stendi ya Moshi na kwenye kuta za Majengo. Wangapi kati yao kundi lenu limewajadili hata kwa dakika tano?

SWALI: Kuna mama alihojiwa kwenye televisheni baada ya mtoto wake kupotea, mkavu, hata chozi hana. Sisi wamama wa soko la Kilombero tukasema huyu anajua. Hivi polisi hawaoni?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Mama, maneno hayo hayo yalimfunga mtu asiye na hatia, na tunaomba uyapeleke sokoni jinsi yalivyo.

Tarehe 17 Agosti 1980, familia ya Wasabato ilipiga kambi karibu na mwamba wa Uluru, Australia. Mtoto wao wa wiki 9, Azaria Chamberlain, alichukuliwa kutoka kwenye hema. Mama yake, Lindy, alisema ni dingo, mbwa wa porini wa huko. Waaborijini, wenyeji wa eneo lile, hodari wa kusoma ardhi kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, walifuata nyayo mchangani wakaona hadi mahali mnyama alipotua mzigo wake. Uchunguzi wa kwanza wa mahakama, mwaka 1981, ulikubali kuwa ni dingo.

Lakini nchi nzima ilikuwa imeshamtazama Lindy kwenye televisheni, na hakulia walivyotaka alie. Uvumi ukaenea kwamba Wasabato wametoa kafara, na kwamba jina Azaria maana yake ni sadaka ya jangwani. Uongo mtupu: ni jina la Kiebrania la Abednego kwenye kitabu cha Danieli, na maana yake ni Mungu amesaidia. Kesi ikafunguliwa upya. Chini ya dashibodi ya gari lao ilikutwa michirizi ambayo mtaalamu aliiambia mahakama kuwa ni damu ya mtoto mchanga. Oktoba 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 mtalii alianguka kutoka kwenye mwamba akafa. Waliokuwa wakimtafuta wakakuta koti dogo la mtoto, lile Lindy alilosema tangu mwanzo kwamba Azaria alikuwa amelivaa, karibu na mapango ya dingo. Akaachiwa baada ya siku chache. Na ile damu? Ilikuja kujulikana ni dawa ya kupunguza kelele inayopuliziwa kwenye bodi ya gari kiwandani. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 mahakama ikaandika rasmi kuwa mtoto alichukuliwa na dingo. Miaka 32.

Kwa hiyo uso mkavu si ushahidi. Mshtuko humkausha mtu, dawa za kutuliza humkausha, na wapo waliofundwa tangu utotoni kutolia mbele ya wageni. Kama uliona kitu, andika leo kabla hujazungumza na mwenzako: saa, mahali uliposimama, umbali, mwanga, nguo, maneno uliyosikia kwa masikio yako. Peleka kituoni. Dhana yako iache nyumbani, na usiirushe mtandaoni: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

SWALI: Mdogo wetu alipotea siku 3, tunashukuru kapatikana salama. Tangazo letu lilisema: "Jamani tusaidiane, mdogo wetu amepotea tangu jana, akionekana piga namba hii, sambaza." Tulipigiwa na matapeli tu. Tulikosea wapi?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Poleni sana. Anza na neno "jana". Tangazo hilo litaendelea kuzunguka mwakani, na kila atakayelisoma ataona jana yake. Andika tarehe, mwezi, mwaka na saa. Taja mahali alipoonekana mara ya mwisho hadi kijiwe cha bodaboda, nguo na viatu, urefu, lugha anazozungumza. Picha iwe ya karibuni, ya uso, siyo ile ya harusini yenye miwani na vipodozi.

Weka namba ya RB, yaani ile unayopewa polisi ukishatoa taarifa, na jina la kituo. Hakuna sheria inayokutaka usubiri saa 24, nenda saa ile ile. Simu ya dharura ni 112, na ya kusaidia watoto ni 116. Namba za simu ziwe mbili, na asiwe mama mzazi anayepokea, maana aliyechanganyikiwa hutuma hela haraka.

Matapeli huwezi kuwazuia, ila unaweza kuwapima. Bakiza alama moja bila kuitangaza: kovu la gotini, rangi ya soksi, alichokuwa nacho mfukoni. Mpigaji akisema "ninaye hapa Himo, nitumie nauli", muulize alama hiyo. Asipoijua, kata simu na mpe polisi namba yake.

Kamera za maduka zina haraka kuliko yote. Diski ikijaa hurekodi juu ya zamani, nyingine baada ya siku chache tu. Mwombe mwenye duka siku ya kwanza, na ulinganishe saa ya kamera na ya simu yako. Kamera iliyo nyuma dakika 40 itakupeleka kumtafuta kwenye basi ambalo hakupanda.

Kampuni za simu hazimpi ndugu taarifa za laini. Polisi ndio huomba. Wapelekee namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yenyewe, kutoka kwenye boksi lake na saa aliyopiga mara ya mwisho. Mnara huonyesha eneo tu: mjini mitaa michache, vijijini kilomita kadhaa.

Na leo hii, chukueni picha ile ile, andikeni juu yake AMEPATIKANA pamoja na tarehe, muirudishe kwenye kila kundi mlikoituma.

SWALI: Shemeji yangu hajulikani alipo mwaka wa 6 sasa. Dada anaweza kuhesabiwa mjane?
Msomaji, Bomang'ombe

JIBU: Haiji yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kuchukulia kuwa mtu amefariki ikithibitika kwamba kwa miaka 5 au zaidi hajasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai. Dhana hiyo huvunjika akitokea. Dada aende mahakamani na RB ya wakati ule, nakala za matangazo, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na ndugu wa upande wa mume watakaoapa kwamba hata wao hawajasikia neno. Hao wa mwisho ndio wenye uzito, kwa hiyo azungumze nao kabla ya kufungua shauri.