Jibu: Kuhamia Colorado kwa sababu bangi ni ruksa

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama ukienda kwa shemeji yako Colorado utavuta bangi bila presha kwa vile huko ni ruksa. Ni ruksa kweli, walipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 2014, mwenye miaka 21 anaingia na kitambulisho ananunua kama mtu anavyonunua dagaa hapa Kibirizi. Ila sikiliza, ile ni sheria ya jimbo tu, serikali kuu ya Marekani bado inaihesabu dawa ya kulevya, na wewe mgeni viza yako na grini kadi (kibali cha kuishi kule moja kwa moja) vyote viko mikononi mwa hiyo serikali kuu sio jimbo. Ukimwambia afisa uhamiaji kwa mdomo wako kwamba unavuta, hata kama ulivutia Denver kihalali kabisa, anaweza kukunyima karatasi, hapo ndo watu wengi wanaliwa kichwa. Usijidanganye kaka, mwenyeji anaachwa wewe unarudishwa.

Mi ningekuwa wewe ningeangalia Kanada, kule tangu Oktoba 2018 imeruhusiwa nchi nzima, unatembea na gramu 30 hakuna wa kukuuliza, japo umri unategemea mkoa, Quebec wanataka 21. Kuvuka nayo mpaka lakini ni kosa, kuingia au kutoka.

Na ukija likizo huku usisahau ukaacha hata kimsokoto kwenye begi, Bongo unaweza kuishia jela. Viza yenyewe umeshaomba au bado stori?