Re: Kwa nini Serengeti ya kusini haina miti wakati savana (mbuga ya nyasi) huwa na miti?
Mkuu swali lako zuri sana, umeuliza mbona kule upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, ni majani matupu wakati mvua inanyesha. Mvua siyo sababu kubwa, ingawa kusini ni kidogo kweli, kama milimita 500 kwa mwaka, kaskazini karibu na mto Mara inafika 1,000 na zaidi. Tatizo liko chini. Ule udongo ni majivu ya volkano, yalitoka milima kama Kerimasi na Oldoinyo Lengai (huu hadi leo bado uko hai), upepo ukayapeleka magharibi yakatua pale, halafu mvua ikinyesha inayeyusha chumvichumvi na kalsiamu inashuka chini kidogo inaganda, linakuwa tabaka gumu kama zege. Sasa mzizi wa mti utapita wapi? Majani mizizi yake mifupi, yanaishi juu juu hapo poa kabisa. Ndio maana miti utaiona kwenye vile vilima vya mawe na kandokando ya mito tu.

Na hapo ndo napapenda mimi, maana majivu yaleyale yanafanya majani yawe na kalsiamu na fosforasi nyingi, kwahiyo nyumbu wanakuja kuzalia hapo mwezi wa pili, mama anapata maziwa, na uwanja uko wazi fisi anaonekana toka mbali. Kiangazi majani yakikauka wanarudi kaskazini kwenye maji. Moto na tembo nao wanapunguza miti, ila zaidi kaskazini huko.