Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Ana Sikio la Muziki

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Alianza na kinanda cha umeme cha binamu yake, na sasa ni mwaka mzima yuko kwenye udi alioachiwa na babu yake. Mashaallah, wimbo akiusikia mara mbili anaupiga. Mgeni haondoki kwetu bila kupigiwa, na mjomba wake amekwisha kumpeleka harusi nne tangu shule zifungwe. Moja alirudi saa saba usiku na shilingi 3,200 za tunzo. Mimi nikimtazama machozi hunitoka. Lakini mwalimu wake asema miezi mitatu hii hajasonga mbele, na juma lililopita nilipomwita awapigie wageni alijifungia chooni. Nimekosea wapi?
Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na hongera. Machozi yako hayana kosa. Ila mtoto wako amepigishwa sana na amefundishwa kidogo, na hayo mawili kwa mtazamaji hufanana.

Mtoto mwenye sikio kali huupata wimbo upesi mno. Huupiga mwanzo hadi mwisho, pale pagumu akateleza, wageni wasitambue, wakapiga makofi. Kesho anateleza palepale. Baada ya mara thelathini vidole vimekwisha kulikubali kosa kuwa ni sehemu ya wimbo, na kulitoa ni kazi kubwa kuliko kujifunza wimbo mpya. Ndiyo maana mwalimu anaona hasogei ilhali nyumbani mnamwona anapiga kila siku.

Kwa huyu wako tunashuku jambo la pili, kwa sababu alianzia kwenye kinanda. Kinanda cha kawaida hakina robo sauti, yaani sauti iliyo katikati ya sauti mbili za kinanda zinazofuatana. Udi hauna vizuizi shingoni kama vya gita, kwa hiyo sauti hukaa popote kidole kinapokaa. Chukua bayati, moja ya maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), inayoanzia re: sauti yake ya pili ni mi iliyoshushwa, lakini haikushushwa mpaka nusu sauti kamili. Kwenye udi ambao uzi, kutoka juu ya shingo hadi unapofungwa kifuani, una sentimita 60, ukiwa umeutia re, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti) iko kama sentimita 3.4 kutoka juu, mi kamili iko 6.5, na mi ya bayati iko karibu na 5. Walimu wengine huishusha hata kidogo zaidi. Sikio lililolelewa na kinanda huvuta kidole ama juu ama chini, kwenye sauti linazozijua. Wimbo unatambulika, lakini utamu haupo, na mtu asiyejua atasema tu kwamba mtoto "bado mdogo".

Mjaribuni hivi. Apige re, anyamaze, aimbe mi ya bayati kwa mdomo, kisha ndipo aweke kidole. Akiimba sawa na kidole kikakosea, shida ni mkono, itaondoka kwa mazoezi. Akiimba vibaya, shida ni sikio, na dawa yake ni kusikiliza kwanza. Mchezeeni rekodi za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa, na umwambie afuate udi peke yake, maneno ayaache. Unaweza kubandika kipande chembamba cha karatasi ubavuni mwa shingo kwenye sentimita 5. Kiondoeni baada ya majuma mawili, kikikaa zaidi atazoea kupiga kwa macho.

Mazoezi yawe dakika 30 kwa siku, tena yakatwe mara mbili: 15 baada ya alasiri na 15 baada ya chakula cha usiku. Dakika 3 za mwanzo za kila kipindi ni za risha tu (kile kijiti cha kupigia nyuzi), chini na juu kwenye nyuzi tupu, mkono ukiwa mlegevu na vipigo vyote viwili vikitoka kwa nguvu sawa. Kipigo cha juu ndicho hudhoofika. Dakika 5 ni za ngazi ya maqamu moja, polepole. Dakika 7 zilizobaki ni za pale pagumu: achukue mapigo manane tu, metronomi, kihesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika (ziko za bure kwenye simu), apige mara tano mfululizo bila kosa, ndipo apande hadi 64. Akikosea ya nne, anaanza moja. Wimbo mzima apige mara moja mwishoni, kwa raha yake.

Mtazame pia anavyokaa. Udi wa mtu mzima una tumbo nene, na mtoto wa miaka 9 huinama kuchungulia vidole mpaka mgongo unapinda na bega la kulia linapanda. Akae kiti kigumu na mguu wa kulia aukanyagishe kibao cha sentimita 10 hadi 15. Akiona udi bado unateleza mapajani, kipande kilichokatwa kwenye kitambaa cha mpira cha kuzuia zulia kuteleza kinatosha.

Sasa wewe, mama. Kaa naye dakika tano za kila kipindi, kimya, simu ikiwa mbali. Akimaliza sema kitu kimoja ulichokisikia kweli: "Leo ile sehemu ya kati hukuikimbiza." Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipofika kwenye maswali magumu, walikata tamaa upesi na kufanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto anayeambiwa kila siku ana kipaji huogopa kukosea mbele za watu, maana akikosea ni kama amekipoteza. Huenda wako alikuwa amekaa na hofu hiyo kule chooni.

Kwa mwezi mmoja asipigie mgeni yeyote. Mwambie leo, kwa maneno wazi, na wageni wakiomba jibu wewe, usimwachie yeye. Mwezi ukiisha, iwe ni yeye anayesema "leo nitapiga". Harusi isizidi moja kwa mwezi, nyimbo mbili, na saa tatu usiku awe njiani kurudi. Asikae mbele ya spika. Kwa wafanyakazi watu wazima, kelele za desibeli 100 huhesabiwa kuwa salama kwa dakika 15 tu, na ukumbi wa harusi hufika huko bila shida. Masikio yakimlia usiku ule, amekaa karibu mno. Tunzo ni zake: zinunue nyuzi, na zinazobaki awekewe.

Hamu ya kumrekodi usiizuie, ipangie siku. Kila Alhamisi jioni mrekodi wimbo uleule, mwezi mzima, kisha msikilize zote nne pamoja. Atasikia mwenyewe alipopanda. Kabla ya kumrushia mtu yeyote, muulize, na asiwe amevaa sare ya shule.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 amechaguliwa kwenye kundi la fidla shuleni. Kwa furaha nilimnunulia fidla kubwa kamili, ajue babake anamwamini, na asije akahitaji nyingine. Sasa alalamika bega na shingo, uzi ule mwembamba umeshika kutu, na vile vigingi vya kukazia nyuzi mara havigeuki, mara vyateleza vyenyewe. Niliuziwa mbovu?
Baba wa Likoni

JIBU: Yaelekea ni nzima, baba, ila si ya saizi yake. Mnyooshe binti mkono wa kushoto pembeni, upime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Sentimita 47 hadi 50 ni fidla ya robo, 51 hadi 55 ni ya nusu, 56 na 57 ni ya robo tatu, na kuanzia 58 ndiyo hiyo kubwa. Wengi wa miaka 7 huangukia robo au nusu. Kwenye fidla kubwa kidole chake cha nne, kile kidogo, hakifiki, basi hupindua kifundo cha mkono na kupandisha bega ili kuifuata, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Iuze au ibadilishe sasa, au iweke mpaka atakapofika. Akiendelea nayo hivyo, ataiacha kabla mkono haujakua. Tunajua inauma kurudi dukani kuomba ndogo. Mchukue mwende pamoja, na aishike mwenyewe kabla hujalipa.

Kutu ni chumvi ya hewa yetu na jasho la vidole. Uzi wa mi, ule mwembamba, huwa wa chuma, kwa hiyo ndio unaoanza. Baada ya kila mazoezi apanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, cha pili kiwe cha kuondoa unga wa ulimbo, ule unaopakwa kwenye upinde, chini ya nyuzi. Uzi ulioshika kutu ubadilishe, kuusugua hakusaidii. Badilisha mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja, kwani lile daraja linaloshikilia nyuzi halikugundishwa, linasimama kwa mkazo wake tu.

Vigingi ni mbao. Masika hewa ikijaa maji vinavimba na kukwama, na ukiiweka fidla chumba chenye eyakondishena vinakauka na kuteleza. Kinachokwama: kitoe, pitisha sabuni kavu ya kipande palipong'aa. Kinachoteleza: chaki ya ubaoni kidogo, kisha ukikaze huku ukikisukuma kwa ndani. Usitie mafuta wala gundi. Na kwenye foleni ya feri usiiache ndani ya gari lililofungwa. Gundi ya fidla hulainika kwa joto, na viungo vikifunguka ni kazi ya fundi.

SWALI: Binti yangu wa miaka 6 huimba mchana kutwa na kila mtu amsifu. Baba mkwe hataki ala yoyote nyumbani. Nifanyeje asipotee?
Mama wa Changamwe

JIBU: Fatwa hatutoi, hilo ni la nyumba yenu na mnayemwamini kwa elimu. Lakini katika umri huu ala si lazima, sikio na mapigo vyaweza kukua bila hiyo. Aimbe sauti yake ya kitoto, laini, kutoka do ya kati hadi do ya juu yake. Msimsifu anapoigiza sauti nzito ya waimbaji wakubwa, maana huifinya koo ili aipate. Sauti ikikwaruza zaidi ya majuma matatu, mpelekeni kwa daktari wa koo.

Kwa mapigo, mfundishe la chakacha: hesabu moja hadi sita kwa usawa, mguu ukanyage moja na nne, mikono ipige moja, tatu na tano. Mwanzoni mikono itaufuata mguu. Mwanzishe mguu peke yake mpaka ausahau, ndipo aongeze mikono, na hilo likikaa, aimbe juu yake.