Ukuta Wangu Uliandikwa Mara Tatu Kabla Sijajifunza Kuufuta

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja ambaye husoma makala zangu za nyumba na upangishaji. Alieleza kwamba wezi walivunja mlango wa nyumba yake alipokuwa safarini, na kwamba kabla hajamaliza kuhesabu vilivyopotea, watu wengine, au pengine ni walewale, walikuja usiku wakaupulizia rangi ukuta wake wa mbele kutoka kona hadi kona. Hakuniuliza habari za vitasa wala za kamera. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, niiuze?"

Nilimjibu kwa sentensi mbili za kumtia moyo, naye akashukuru kwa adabu, lakini usiku ule nilijiona mnafiki. Swali lake niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe, tena nilifika mbali zaidi yake, kwa maana nilimwita dalali, akapima uwanja, akataja bei, na kilichonizuia kusaini si ushujaa bali ni kwamba bei yenyewe iliniudhi. Kwa hiyo leo namjibu upya, pamoja na wenye nyumba wengine ambao najua wanasoma huku wakitazama dirisha lililovunjwa.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Tulikuwa tumetoka msibani, safari ya siku 4, na mke wangu ndiye aliyetangulia kuzunguka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo tu, kama vile mtu ametoka mara moja kuanua nguo. Kitasa chenyewe kilikuwa kizima kabisa, na ufunguo wangu uliendelea kukizungusha bila kukwama. Kilichong'oka ni lile bamba la chuma kwenye fremu, ambalo hupokea ulimi wa kitasa. Lilikuwa sakafuni na skrubu zake mbili, fupi kama ukucha wa kidole cha mwisho, zikiwa bado na unga wa mbao kwenye nyuzi zake. Nilikuwa nimelipa fedha nyingi kwa kitasa ambacho muuzaji alikisifu kana kwamba ni cha benki, kumbe uimara wake wote ulikuwa umeshikiliwa na skrubu mbili ambazo fundi alizitia kwa sababu ndizo zilizokuwamo katika pakiti.

Ndani, droo zote zilikuwa zimevutwa kuanzia ya chini kwenda juu. Baadaye nilielewa kwamba anayeanza na ya juu hulazimika kuirudisha ndipo aone ya chini yake, na mwizi hana muda huo. Walichukua televisheni, kompyuta na kamera, na walichukua pia saa ya mkono ya marehemu baba yangu, ambayo ilikuwa haifanyi kazi kwa miaka mingi na ambayo nina hakika waliitupa kabla ya jua kuchwa. Televisheni nimekwisha kuisahau. Saa ile bado huitafuta kwenye kila mkono unaopita mbele yangu, na ninajua kabisa kwamba ni upuuzi.

Sasa nitaungama kosa la kwanza. Nilifagia. Kabla ya kumwita polisi, kabla ya kupiga picha hata moja, nilishika ufagio nikaondoa vipande vya mbao, nikapangusa mlango kwa kitambaa chenye maji, nikarudisha droo mahali pake, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aione nyumba yangu ikiwa katika hali ile. Afisa alipofika alitazama sakafu inayong'aa, akanitazama mimi, akaandika mistari michache. Kampuni ya bima nayo iliomba namba za vifaa na risiti, ambazo sikuwa nazo, ikalipa sehemu ndogo ya kile nilichodai, pamoja na barua ndefu yenye heshima nyingi kuliko fedha. Nilizunguka na barua ile mfukoni nikiwaonyesha watu. Leo nakiri kwamba walikuwa na haki kwa kiasi fulani, ingawa si kwa kiasi walichodhani wao. Basi wewe usifagie. Piga picha kwanza, gusa baadaye, na namba za vifaa vyako ziandike leo, si siku ya msiba. Ya simu hupatikana kwa kubonyeza *#06#, nayo huonekana kwenye kioo papo hapo.

Kosa la pili lilikuwa kuamini kwamba mvua ikishanyesha haitanyesha tena juu ya paa lilelile. Nilinunua televisheni mpya ndani ya majuma mawili, nikaliacha boksi lake kubwa nje ya geti lisubiri gari la taka, likiwa na picha ya televisheni yenyewe ubavuni. Siku ya 19 baada ya wizi wa kwanza, walirudi. Waliingia kupitia mlango uleule, ambao fundi aliurekebisha kwa kurudisha bamba lilelile na skrubu zilezile, akiongezea gundi.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha kujulikana zamani. Katika miaka ya 1980, katika mtaa wa Kirkholt mjini Rochdale, Uingereza, watafiti waliochunguza wizi wa majumbani walibaini kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko nyumba ambayo haijaguswa. Badala ya kutawanya ulinzi mtaa mzima, walielekeza nguvu kwa waliokwisha kuibiwa: waliimarisha milango na madirisha yao, waliondoa mita za nishati zilizokuwa zikilipiwa kwa sarafu kwa sababu zilikuwa kama visanduku vya fedha ndani ya nyumba, na waliwaomba majirani wa nyumba zinazoizunguka ile iliyoibiwa wawe macho. Wizi ulishuka sana. Ukifikiri vizuri huoni ajabu yoyote, kwa kuwa mwizi anajua tayari mlango uko wapi na umeshikiliwa na nini, na anajua pia kwamba vilivyochukuliwa vitanunuliwa vipya. Siku chache zinazofuata wizi, ambazo wewe huziona za kupumua na kupokea pole, kwake ni za kungoja boksi litoke nje.

Safari ya pili nilimwita fundi mwingine. Huyu hakugusa kitasa hata kidogo. Alitoa skrubu fupi, akatoboa upya, akaweka bamba refu zaidi na skrubu za milimita 75 ambazo zilipita fremu zikaingia kwenye mbao nzito zilizo nyuma yake, kisha akafanya hivyohivyo upande wa bawaba. Kazi ilimchukua muda usiofika saa nzima. Nilimlipa huku nikiona haya, kwa maana gharama yake haikufikia hata nusu ya ile ya kitasa cha benki.

Ndipo ukaja ukuta.

Asubuhi moja nilikuta herufi nyeusi zenye urefu wa mtoto wa shule, zimejikunja kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuzisoma, na matone ya rangi yametiririka hadi chini. Kufikia saa tatu asubuhi ningeweza kuwa nimezifuta. Sikuzifuta, na hapa ndipo penye ungamo langu kubwa, ambalo sijawahi kuliandika mahali popote: niliziacha kwa makusudi. Niliziacha majuma matatu. Nilitaka kila apitaye aone nilivyotendewa. Hasa nilitaka jirani yangu wa kushoto aone, mzee mstaafu ambaye siku ya wizi wa kwanza alikuwa nyumbani saa nane mchana, na ambaye nilipomuuliza alinijibu, "Nilisikia kishindo, mwanangu, nikadhani ni fundi wako." Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukuta ulioandikwa ukawa mashtaka yangu dhidi yake na dhidi ya mtaa mzima.

Ila ukuta ulioandikwa hausomwi na wale uliowakusudia pekee. Baada ya siku 8 waliongeza jina jingine, la kijani, na baada ya siku chache la tatu, mpaka getini. Watu wakaanza kuacha mifuko ya taka chini yake. Mpangaji wangu mmoja, mtulivu, asiyechelewesha kodi, alinipa taarifa ya kuhama, na alipokuwa anapakia vitu vyake alisema kwa upole kwamba mwanawe anaogopa kupita getini jioni.

Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha jaribio ambalo laiti ningelijua wakati ule. Walifunga vikaratasi kwenye mipini ya baiskeli zilizoegeshwa kwenye kichochoro. Ukuta wa kichochoro ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walikitupa kikaratasi ovyo. Ulipokuwa umechorwachorwa, waliotupa walifika asilimia 69. Kichochoro kilikuwa kilekile, na ukuta ndio uliotoa ruhusa. Jiji la New York nalo lilihangaika kwa miaka na treni zake za chini ya ardhi zilizojaa maandishi, hadi mwaka 1984 lilipoanza kufuata kanuni kwamba behewa likishasafishwa halirudi kazini likiwa na maandishi, hata kama ni kidogo. Mei 12, 1989 treni ya mwisho yenye maandishi iliondolewa kazini. Mwandikaji hutaka jina lake lionekane likipita mbele ya watu, na lisipoonekana amepoteza rangi na usingizi wake bure.

(Wapo watakaoniandikia kwamba hiyo ni sanaa, na kwamba mchoraji mashuhuri Basquiat alianza kwa kuandika kwenye kuta za New York. Sibishani nao. Anayetaka kuchora ukuta wangu abishe hodi.)

Kufuta kwenyewe nilikufanya vibaya. Sehemu ya matofali ya kuchoma niliimwagia thina, rangi ikayeyuka na kupenya zaidi, herufi zikageuka wingu la kijivu. Nikakodi mashine ya kuoshea kwa presha, nikaielekeza karibu mno, ikachimba saruji iliyo kati ya matofali na kuacha wingu palepale. Tofali lina vitundu, hunywa rangi kama mkate unavyonywa chai, na kadiri unavyochelewa ndivyo linavyomaliza kunywa. Siku moja au mbili za kwanza ndizo zenye nafuu. Sehemu ya lipu niliipaka rangi ya maji, na baada ya wiki herufi nyeusi zikajitokeza tena chini yake, hafifu, kama jina la mtu aliyelala. Fundi rangi alinicheka. Alipaka kwanza praima ya mafuta ya kuziba madoa, kisha rangi yenyewe, na matofali akayapaka nta maalumu ambayo, likija andiko jingine, huoshwa pamoja na andiko lake kwa maji ya moto, kisha hupakwa upya. Tangu siku ile nina kopo la rangi ileile, lenye namba ya rangi imeandikwa kwenye kifuniko, pamoja na brashi, nyuma ya mlango. Wameandika mara 5 tangu hapo. Hakuna andiko lililoona adhuhuri. Sasa ni miezi 14 hawajaja, na nakiri kwamba kila asubuhi hutoka kuutazama ukuta kwa fahari isiyomfaa mtu wa umri wangu.

Nilifunga pia kamera. Ilirekodi kofia.

Kilichonifaa kuliko kamera ni yule mzee. Kwa karibu mwaka mzima nilimsalimia kwa kuinua kidevu tu, mpaka usiku mmoja, nikiwa sipati usingizi, nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelifukia: miaka kadhaa kabla ya wizi wangu nilisikia kioo kikivunjika upande wa kwake, nikajiambia ni paka, nikavuta blanketi. Asubuhi nilibisha hodi. "Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja na namba yangu ya simu." Alipokea vyote viwili bila kuuliza radhi ilikuwa ya nini. Ndugu zangu, tunajenga kuta ndefu ili tusionane, kisha tunalalamika kwamba hakuna aliyeona! Mwambie jirani siku utakayosafiri. Mwambie pia siku ambayo fundi atakuja, ili siku asiyokuja kishindo kiwe na maana.

Mzee ndiye aliyepiga simu mwaka jana, saa tisa usiku, kuniambia kuna mtu nyuma ya nyumba yangu. Tuliwasha taa zote, yeye za kwake, mimi za kwangu, tukasikia miguu ikikimbia. Kulipopambazuka nilikagua mlango. Fremu ilikuwa na michubuko mitatu ya mtaimbo, mirefu, mbao nyeupe zikionekana ndani yake, na bamba halikusogea hata kidogo.

Dada yangu, usiuze mwezi huu. Funga mlango kwa skrubu ndefu, futa ukuta kesho asubuhi, kisha ukitaka kuuza, uza nyumba safi. Mimi michubuko ile mitatu sijaipaka rangi. Mke wangu hunikumbusha kila Jumamosi kwamba mtu anayewahubiria wenzake kufuta kila alama kabla ya adhuhuri ana alama za mwaka mzima kwenye mlango wake wa nyuma, nami humwambia kwamba praima imekwisha.